Peintiboli kwa anayeanza: miguu kwanza, kichwa pili, kidole mwisho kabisa

Watu wengi wakisikia peintiboli, ule mchezo wa kupigana kwa risasi za rangi na ukipigwa umetoka, wanawaza kitu kimoja tu, kubonyeza triga. Unakuta mtu hajawahi kukanyaga uwanja ila swali lake la kwanza ni "bunduki gani kali?" Mi nawaelewa maana nilianza hivohivo, siku yangu ya kwanza nilimaliza risasi 200 kwenye gemu mbili na sikumpata mtu hata mmoja, nikatoka nimelowa jasho na mapaja yanatetemeka, alafu kuna dada mmoja mpole hivi alikuwa anatembea tu pembeni, akapiga risasi kama kumi na akatutoa watu watatu. Nikajua hapa kuna kitu sijaelewa.

Kabla ya hatua zenyewe, kisa kidogo kwa sababu kinaeleza mchezo mzima. Gemu ya kwanza kabisa ilichezwa tarehe 27 Juni 1981, Henniker, jimbo la New Hampshire kule Marekani, watu 12 msituni, kila mtu anajitegemea. Bunduki walizotumia zinaitwa Nelspot 007 na wala hazikutengenezwa kwa mchezo, zilikuwa za watu wa misitu kuweka alama za rangi kwenye miti na wafugaji kuweka alama kwenye ng'ombe. Ilianza kama ubishi wa marafiki, Hayes Noel ambaye alikuwa dalali wa hisa New York na Charles Gaines ambaye ni mwandishi, wanabishana nani atatoboa porini, mjanja wa mjini au mtu aliyezoea pori, akaingia na Bob Gurnsey wakapanga sheria. Sasa aliyeshinda ni jamaa mmoja anaitwa Ritchie White, kazi yake ilikuwa mambo ya misitu, alikusanya bendera zake zote, maana ndo kilichokuwa kinashindaniwa, akatoka zake bila kufyatua hata risasi moja. Hata moja! Kwaiyo tangu siku ya kwanza ya huu mchezo mshindi alikuwa mtu mwenye miguu na kichwa, kidole chake kilikuwa likizo.

Basi tuanze.

HATUA YA 1: Maski, na hapa usiniletee ubishi

Kitu cha kwanza kabla ya bunduki, kabla ya viatu, ni maski. Risasi ya peintiboli ni kidonge cha gelatini kama vile vidonge laini vya dawa, ndani kuna rangi inayotoka kwa maji, kipenyo kama milimita 17, uzito gramu 3 hivi. Ukikishika mkononi unakidharau. Ila kinatoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 85 hadi 90 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na jicho halina cha kujitetea hapo. Ukipigwa mguuni utapata alama ya bluu, ukipigwa jichoni unaweza ukapoteza jicho, hamna katikati.

Kwaiyo maski iwe ya peintiboli yenyewe, inayofunika macho, masikio, mdomo na kidevu. Miwani ya jua hapana, ya kuogelea hapana, ya fundi wa kuchomelea hapana, hata ile ya bunduki za risasi ndogo za plastiki hapana. Ivae kabla hujaingia eneo la kuchezea na usiivue mpaka umetoka na refa amesema sawa. Najua utaniambia "gemu imeisha bwana", ndio, imeisha, ila kuna mtu ana risasi moja imebaki kwenye bunduki na hajui.

Ugonjwa mkubwa wa maski ni ukungu. Unakimbia, unahema, joto linapanda, kioo kinakuwa cheupe kama dirisha la bafuni na we uko katikati ya uwanja huoni kitu. Hapa ndo watu wanafanya ujinga wa kuinua maski kidogo kwa chini wafute na kidole. USIFANYE. Inua mkono, piga kelele kuwa huoni, refa atakuja akutoe, au kubali tu umetoka gemu hiyo, kuna nyingine baada ya dakika kumi. Dawa ya kweli ya ukungu ni maski yenye kioo cha tabaka mbili, wenyewe wanaita themo, ukiwa unakodi bunduki ya uwanja uliza kwanza kama maski zao ni themo, ni swali zuri kuliko kuuliza bunduki. Kioo chenyewe safisha kwa kitambaa laini na maji kidogo tu, usikitumbukize kwenye ndoo maana maji yakiingia katikati ya zile tabaka ndo basi, na usitumie dawa za kusafishia madirisha kwa sababu zinaweza kuharibu ile plastiki na kuidhoofisha bila we kuona. Kioo kikiwa na ufa, hata kama unywele, kinatupwa.

HATUA YA 2: Nguo

Suruali ndefu, mikono mirefu, glovu, kofia au kitambaa shingoni. Usivae koti zito kama vile unaenda baridini, utaiva. Viatu viwe vinakamata chini na vifunike kifundo cha mguu, na kamba zichomekwe ndani, mi nimeshawahi kukanyaga kamba yangu mwenyewe hatua ya tatu baada ya filimbi nikala mchanga mbele ya timu mbili. Wenye mwili mkavu kama mimi vaeni kitu cha goti, utanishukuru baadae.

HATUA YA 3: Bunduki, gesi na kipimo cha kasi

Bunduki ya kukodi inatosha. Narudia, inatosha. Vitu vya kuvijua ni vichache tu.

Kuna gesi za aina mbili, kabonidayoksaidi na hewa ya kawaida iliyogandamizwa. Hewa ndo nzuri kwa sababu presha yake inatulia, ile kabonidayoksaidi inakaa kama maji ndani ya mtungi, kwaiyo kukiwa na baridi presha inashuka, jua likiwaka inapanda, na ukipiga fasta fasta mtungi unapoa alafu risasi zinaanza kudondoka njiani. Kama uwanja unatoa vyote viwili chukua hewa.

Kabla ya kuingia lazima bunduki ipimwe kasi kwa kile kifaa chao. Viwanja vingi vya nje mwisho ni futi 300 kwa sekunde au chini yake kidogo, 280 ni kawaida, na vya ndani ya jengo vinashusha zaidi kwa sababu mnapigana karibu. Ukikuta uwanja haupimi kasi, geuka urudi nyumbani, hao hawako siriasi na macho yako.

Ile soksi ya mtutu, kile kimfuko cha kitambaa chenye kamba, inakaa kwenye mtutu muda wote usipokuwa ndani ya gemu. Triga ina sefti, kile kizuizi cha kuifunga isifyatuke, lakini sefti ni kipande cha plastiki, soksi ndo kinga.

Na risasi zenyewe zichunguzwe. Gelatini inanyonya unyevu, zikikaa vibaya zinavimba au zinapata vibonyeo, zikivimba zinapasukia ndani ya mtutu na kuanzia hapo kila risasi inaenda inakotaka yenyewe. Mimina chache kiganjani, zungusha, kama zina sura ya yai usizitumie. Usiziache kwenye jua wala usiziache chini zikidondoka, na ile iliyodondoka mchangani usiirudishe kwenye hopa, lile kopo la risasi juu ya bunduki, hata kama inakuuma, itakupasukia.

HATUA YA 4: Mwili, wiki tatu kabla

Hapa ndo watu wanacheka, "mazoezi ya peintiboli?" Haya, cheza gemu sita kwa siku moja alafu kesho yake jaribu kukaa kwenye kiti bila kushika meza.

Mchezo wenyewe mwili unauchukulia hivi: unachuchumaa dakika moja au mbili umejikunja kama ngumi, alafu unatakiwa ukimbie mita 15 kwa nguvu zako zote ukiwa umeinama, alafu ujidondoshe tena chini, na hapohapo utulize mkono upige kitu kidogo. Kukimbia kilomita tano taratibu asubuhi ni kuzuri kwa moyo ila hakufanani na hicho kitu. Kinachofanana ni hiki:

Mbio fupi. Chora mistari miwili mita 10 hadi 20. Anza ukiwa umechuchumaa, simama na kimbia, ukifika mstari wa pili usisimame, dondoka chini kwenye goti moja. Pumzika sekunde 40, rudia. Mara nane. Mara mbili au tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza utachukia maisha.

Miguu na nyonga. Skwati, lanji, na kutembea umechuchumaa kama bata mita 10 kwenda na kurudi. Bata ndo mwenyewe, usimruke, maana kwenye mabanka mafupi, yaani vile vizuizi vya kujificha uwanjani, ndo unavyotembea.

Tumbo na mgongo. Planki, yaani kujishikilia umenyooka juu ya viwiko, ya mbele na ya ubavu. Unapochungulia pembeni ya banka umeegemea upande mmoja na bunduki imenyooka, kinachokushikilia ni ubavu. Ubavu ukichoka unatoa kichwa kizima nje badala ya jicho, na kichwa kizima ndo kinapigwa.

Kama una tatizo la moyo au magoti muone daktari kwanza, sio aibu. Siku ya kucheza maji unaanza kunywa asubuhi, sio ukisikia kiu, maana ndani ya maski huwezi kunywa na utakuwa unavuja jasho kuliko unavyodhani.

HATUA YA 5: Kuchungulia na kurudi

Kama utafanya zoezi moja tu la ustadi kwenye huu mwongozo fanya hili, na huhitaji uwanja, unahitaji kona ya ukuta na mpini wa fagio.

Simama nyuma ya kona, hatua moja nyuma ya ukuta, sio umeukumbatia. Anayekumbatia banka haoni kitu na mtutu wake unachomoza nje bila yeye kujua, adui anaona mtutu anasubiri tu. Viwiko vibane kwenye mbavu, vikikaa nje kama mabawa ya kuku vitapigwa vya kwanza. Fagio liko tayari usawa wa jicho kabla hujatoka. Sasa jiegemeze kutoka kiunoni, sio kwa kupiga hatua, mpaka jicho moja lione kitu ulichokichagua ukutani kule, hesabu "moja" kimoyomoyo, rudi. Hapo katikati kwenye "moja" ndo ungepiga risasi mbili au tatu. Ukikaa mpaka "mbili" umeshapigwa.

Rudia mara 20 upande wa kulia. Alafu, na hapa ndo watu wanakimbia, badilisha mikono, rudia 20 upande wa kushoto ukiwa umeshika kwa mkono wa kushoto na jicho la kushoto. Kwa nini? Kwa sababu ukitokea upande wa kushoto wa banka na bunduki iko mkono wa kulia, lazima utoe bega lote na nusu ya kifua ndo mtutu ufike nje. Ukibadilisha mkono kinachotoka ni jicho, kidole na mtutu. Nilichukua mwezi mzima mpaka mkono wa kushoto ukakubali, mwanzoni nilikuwa kama mtu anayepiga mswaki kwa mkono usio wake, ila toka hapo watu wakaanza kuniuliza mbona siku hizi hupigwi.

Na usitokee sehemu ileile mara mbili. Juu, kulia, chini kulia, subiri, juu. Adui akishajua unatokea wapi anaweka mtutu pale pale anakungoja kama paka kwenye tundu la panya.

HATUA YA 6: Tembea uwanja kabla

Ukifika usikae kwenye benchi kupiga selfi. Uwanja ukiruhusu ingia utembee. Nenda mpaka banka unalotaka kufikia alafu piga goti, angalia dunia kutoka pale chini. Ukiwa umesimama unaona kila kitu na unadhani ni rahisi, ukipiga goti unashangaa nusu ya uwanja imepotea na kuna kijinjia kimoja tu cha kumpigia mtu. Hicho kijinjia ndo unachokitafuta.

Kwenye uwanja wa msituni angalia mabonde, magogo, jua liko wapi. Kwenye viwanja vya mashindano, vile vya mabanka ya kupulizwa hewa, mabanka yamepangwa sawa kwa pande zote mbili kama kioo, kwaiyo ukijua upande wako unajua na wa mwenzako. Upande mmoja kuna mabanka ya chini chini yaliyolala kwa urefu, wanaita nyoka, ukiingia humo unatambaa. Upande mwingine kuna yale ya pembetatu yamesimama, wenyewe wanayaita Dorito. Mfupi na anayejua kutambaa aende nyoka, mrefu mwenye mbio aende Dorito, na kama ni mara ya kwanza kaa nyuma katikati, sio kwamba huko ni pa wajinga, ila kutoka nyuma unaona mchezo wote ukipita mbele yako kama sinema na unajifunza haraka.

Mkubaliane majina ya mabanka. Majina mafupi. "Lile la kule karibu na lile jingine" sio jina.

HATUA YA 7: Sekunde kumi za kwanza

Filimbi ikilia kila mtu anakimbia, na hapa gemu nyingi zinaamuliwa. Amua kabla ya filimbi banka unalokwenda, na uwe na la pili kama la kwanza limeshindikana. Mtu anayeamua njiani anapunguza mwendo, na mtu anayepunguza mwendo ni chakula.

Wenzenu wawili wa nyuma wasikimbie mbali, kazi yao ni kupiga kwenye njia. Yaani hampigi mtu, unapiga hewa mahali ambapo mtu atalazimika kupita, risasi zinakuwa kama mvua nyembamba na yeye ndo anakuja kuingia mwenyewe. Inashangaza mwanzoni lakini ina mantiki, risasi inachukua karibu nusu sekunde kufika mita 30 maana inapunguza kasi njiani, kwa hiyo ukimlenga mtu anayekimbia unapiga alipokuwa. Na kuhusu umbali usijidanganye, hii sio bunduki ya sinema, kidonge ni chepesi na hewa inakisukuma, zaidi ya mita 40 unaomba Mungu tu, na hata kikifika kinaweza kudunda bila kupasuka, na kikidunda hajatoka.

We unayekimbia: inama, mtutu uelekee mbele, usiangalie nyuma, na ukifika ingia chini kwanza ndo uinuke. Usiinuke kwanza. Jamaa wa upande wa pili ameshajua umeingia pale na ameshaelekeza pale juu.

HATUA YA 8: Mdomo

Mtu mpya ananyamaza. Anadhani akinyamaza haonekani. Ndugu yangu, walishakuona ukikimbia. Aliyenyamaza anasaidia adui kwa sababu wenzake hawajui kama yuko hai.

Mnachohitaji kuambiana ni vitu vitatu: nani yuko wapi, wangapi wametoka, na mimi nasogea. "Mmoja nyoka!" "Wawili nje!" "Nasogea, nifunike!" Na ukisikia, rudia kwa sauti, mwenzako akisema "mmoja nyoka" na we unasema "mmoja nyoka", kwa njia hiyo anajua umesikia na yule wa tatu aliyekuwa mbali naye anasikia. Usiseme "angalia pale!" Pale wapi?

Kuhesabu ndo silaha kubwa kuliko zote. Kama mko watano kwa watano na umesikia watatu wametoka, wamebaki wawili, na unajua mmoja yuko Dorito, basi nyoka nzima inaweza kuwa tupu na unaweza kutembea mpaka mlangoni kwao. Wale unaowaona wanachomoka ghafla kwa ujasiri ukadhani wamechanganyikiwa, hapana, wamehesabu.

HATUA YA 9: Kichwa

Sasa hii ndo yenyewe. Risasi ya kwanza ikipiga banka lako, pah!, mwili unaamka vibaya. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, na kuna kitu kinatokea kwa macho, unaanza kuona kama kupitia bomba, unaona yule mmoja anayekupiga na hamna mwingine duniani. Masikio nayo yanaziba, mwenzako anapiga kelele mita tano kutoka kwako husikii. Ukiwa humo ndani ya bomba mtu wa pili anakuja kwa ubavu anasimama karibu kabisa na we unashangaa ametoka wapi. Alikuwa anakuja muda wote.

Njia ya kutoka kwenye bomba ni mbili na zote za kijinga kwa jinsi zilivyo rahisi. Ya kwanza ni pumzi, vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita, mara mbili tu, nyuma ya banka. Mtu anayetoa pumzi ndefu mikono inatulia. Ya pili ni shingo, kila ukimaliza kuchungulia na kurudi, geuza kichwa kushoto, kulia, nyuma kwa mwenzako. Fanya hata kama hutaki. Jizoeze mpaka iwe kama kuangalia barabara kabla ya kuvuka.

Kuna na swali la kujiuliza kila baada ya muda mfupi: hapa nilipo nina faida gani? Kama unaona mtu, unamzuia mtu, au unamfunika mwenzako, kaa. Kama umejificha tu, basi timu yako inacheza ikiwa pungufu mtu mmoja na risasi unazo. Wengi wetu tatizo letu sio woga, ni kwamba banka limekuwa tamu. Nimewahi kukaa banka moja gemu nzima mpaka filimbi ya mwisho, nikatoka msafi kabisa kama naenda harusini, najisifu sijapigwa, nahodha wetu akaniangalia akasema "ulikuwa umetoka toka mwanzo, ni vile tu hukuambiwa." Iliniuma wiki nzima.

Ila kuna upande wa pili pia, yule anayekimbia kila saa kwa sababu hawezi kuvumilia kusubiri. Kusogea kuna wakati wake: adui ameinama kujaza risasi, adui ametoka, mwenzako anampiga mpaka hawezi kuinua kichwa, au adui ameangalia upande mwingine. Hamna hata kimoja kati ya hivyo? Subiri. Sikiliza, bunduki ya mtu anayepiga mfululizo ikinyamaza ghafla, kuna uwezekano mkubwa hopa imeisha, hizo ni sekunde tatu nne zako.

Ukibaki peke yako dhidi ya watu wawili, usijifiche na usivamie, hama. Wao wanajua ulipokuwa. Hama kimya, wafanye wapigane na banka tupu, alafu mchukue mmoja wakati wako mbalimbali. Wawili kwa pamoja hutawaweza, mmoja mmoja unawaweza.

HATUA YA 10: Kupigwa

Utapigwa. Inauma kama kuchapwa na raba yenye hasira, kwa sekunde kadhaa, alafu mzuka unarudi. Alama itakaa siku kadhaa.

Risasi ikipasukia kwako, mwilini, kwenye bunduki, kwenye mkanda wa risasi, popote, umetoka. Ikidunda bila kupasuka bado upo. Matone yaliyorukia kutoka kwenye banka hayahesabiki. Huna uhakika, kwa mfano imekupiga mgongoni? Ita refa akuangalie, na muda huo kaa palepale. Ukitoka, inua mkono juu, sema "nje!" kwa sauti, toka kwa njia fupi na usimwambie mwenzako kitu, maiti haiongei.

Kufuta rangi haraka haraka ili uendelee ndo wizi mbaya kuliko wote kwenye huu mchezo na kila mtu atajua, rangi inaacha doa. Halikadhalika upande wa pili, mtu ameinua mkono na we unaendelea kummiminia, acha, na ukimfuma mtu karibu sana, mita tatu nne hivi, viwanja vingi vinataka umpe nafasi ya kujisalimisha kwanza. Waulize waandaaji sheria yao maana kila uwanja una yake.

Hasira nayo. Ukipigwa kifedhuli utataka gemu inayofuata umtafute yule jamaa tu. Ukifanya hivo unacheza gemu yake, na we uliyebaki unamtazama mmoja utachukuliwa na wa pili. Umerudi kwenye lile bomba la Hatua ya 9, si ndo hapohapo tena.

HATUA YA 11: Baada ya gemu

Maji kwanza, kivulini, ndo uongee. Alafu jibu swali moja kila gemu: nilipigwa kutoka wapi na nilikuwa nafanya nini? Andika kwenye simu kwa maneno matano. "Nyoka, najaza, kichwa juu." "Kushoto, mkono wa kulia." Baada ya gemu kumi rudi usome, utakuta unakufa kwa sababu mbili tu zinazojirudia, mimi zangu zilikuwa kujaza risasi nimeinua kichwa, na kutokea sehemu ileile mara tatu. Hizo ndo za kufanyia kazi na lile fagio nyumbani, achana na bunduki mpya kwanza.

Mwisho wa siku: soksi kwenye mtutu, toa risasi zote kwenye hopa, funga gesi na fyatua hewa iliyobaki ukielekeza chini eneo linaloruhusiwa, ndo uchomoe mtungi. Maski unavua ukiwa umeshatoka nje ya wavu kabisa. Futa mtutu ndani, rangi ikikauka humo wiki ijayo risasi zitapinda. Nguo zioshe siku hiyohiyo, inatoka kwa maji tu.